Sauti Isiyovuta Pumzi

Kila asubuhi, fundi mitambo wa studio ya michezo ya redio alikaa kukata pumzi za watu. Ndiyo kazi. Mwigizaji akizungumza mbele ya maikrofoni huvuta pumzi kabla ya kila sentensi, na maikrofoni haina haya, hunasa yote, hadi mate yanapomezwa. Basi Fundi aliketi mbele ya kompyuta yake, akazitazama sauti za jana zilivyochorwa kwenye skrini, vilima na mabonde, akavitafuta vijilima vya pumzi na kuvikata kimoja kimoja. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi hiyo. Angeweza kukutambua kwa pumzi yako tu, kabla hujatamka neno, na akakwambia kama ulikuja kazini umeshiba au una njaa.

Jumanne moja hakupata cha kukata.

Aliirudisha rekodi mwanzo, akasikiliza tena. Mtu alikuwa akisema sentensi ndefu moja baada ya nyingine, dakika kumi na moja mfululizo, na katikati ya sentensi hapakuwa na kitu. Mabonde yalikuwa matupu. Na sauti yenyewe hakuitambua. Ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo kidogo kwa chini, na ilikuja karibu mno, kiasi kwamba Fundi alivua hedifoni akageuka kutazama nyuma yake.

Akamwita Mwongozaji, mama mmoja ambaye miwani yake ilikaa siku zote kwenye paji la uso na si machoni.

"Huyu nani?" Mwongozaji akauliza.

"Nilitaka nikuulize wewe. Faili imeandikwa Mpita Njia."

"Jana Mpita Njia alisoma hivi?"

"Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," akasema Mwongozaji, lakini hakuonekana kuwa na hakika. "Nilisikia sauti yake ya kila siku."

"Hata mimi. Halafu sikiliza vizuri. Hana pumzi."

"Si umeshazikata?"

"Sijagusa kitu."

Waliisikiliza mara ya tatu bila kutazamana. Kisha Mwongozaji akasema kwa sauti ya chini kwamba ni nzuri, ni nzuri mno, na kwamba mtu akikurahisishia kazi unamshukuru, humhoji. Ndivyo walivyo watu wa studio. Ukiwaletea shetani mwenye sauti tamu, kwanza watamjaribu kwenye maikrofoni, maswali baadaye.

Sasa huyo Mpita Njia. Jina hilo walimpa wenzake kwa sababu kwa miaka tisa hakuwahi kuigiza mtu mwenye shughuli maalumu. Alikuwa mlinzi wa getini, mteja wa tatu dukani, mtu anayepita akaulizwa kuna nini kule, naye akajibu, "Sijui, mimi napita tu." Sauti yake ilikuwa nyembamba, sauti ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosea. Hakulalamika. Alifika mapema, akasoma mistari yake miwili, akaenda zake nyumbani kwa mke na binti. Huko ndiko alikokuwa mtu, na huko hakuna aliyeilalamikia sauti yake.

Halafu mke akaugua wiki mbili, akafa.

Siku ya mazishi watu walimsifu kwa uvumilivu. Hakulia, hakuyumba, alimshukuru kila mtu kwa jina. Lakini hakuwa mvumilivu. Hakuwa na kitu cha kuvumilia. Alikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unauona, ni wako, unaugonga kwenye meza na hauumi. Alirudi kazini siku ya nne. Alikula alichopewa. Jambo moja tu lilimshinda: kulitaja jina la marehemu. Kila alipojaribu, kinywa kilifunguka na ndani hamkuwa na jina, kama mtu anayeingia chumbani akasahau alichofuata.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu, mwigizaji mkuu wa mchezo mpya aliamka na mafua yaliyomkausha koo. Nafasi yake ilikuwa ya mume aliyekufa anayerudi kuzungumza na mkewe kutoka huko aliko. Mwongozaji alitoka nje akaangaza huku na huku, na kwenye korido nzima hapakuwa na mwanamume mwingine isipokuwa Mpita Njia, amekaa kwenye benchi na karatasi yake ya mistari miwili.

"Najua una msiba," akamwambia. "Utaweza?"

"Nitaweza."

Wakati ule angeweza chochote. Ungemwambia apande juu ya paa angeuliza ngazi iko wapi.

Hapa lazima nieleze mwiko wa studio ile, maana bila huo hakuna hadithi. Mtu yeyote aliyecheza maiti, au anayekata roho, au sauti ya marehemu, hakuruhusiwa kuondoka mbele ya maikrofoni mpaka ataje jina lake la kweli, na la baba yake, na la babu yake, kisha aseme, "Niko hai." Taa nyekundu iwe bado inawaka. Hakuna aliyejua nani aliuanzisha. Wengine walisema ni njia tu ya kuvua uhusika. Wengi waliufanyia mzaha, mwigizaji mmoja, dada mnene mwenye kicheko, kila akifufuka alisema, "Niko hai, na nina njaa." Lakini hakuna aliyeondoka bila kusema. Fundi alisubiri sentensi hiyo mkono ukiwa kwenye swichi, na akishaisikia ndipo alipozima taa.

Mpita Njia alisoma. Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, kimevikwa zulia kuta zote ili sauti isirudi, kikavu, chenye joto la watu waliopita humo kwa miaka mingi. Alisoma maneno ya mume aliyekufa kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, hayakuwa mabaya, hayakuwa mazuri. Mwongozaji alipiga miayo. Alipomaliza, Mpita Njia alitaja jina lake. Akataja la baba yake. Akataja la babu yake.

Akafika kwenye yale maneno mawili ya mwisho, akasimama.

Aliitafuta sentensi ile ndani yake akaona si ya kweli, na hakuona sababu ya kusema uongo. Akafunga mdomo. Fundi nyuma ya kioo alikuwa ameinamia chai yake. Na humo chumbani, taratibu, ikaanza kupanda harufu ya zulia lililolowa, zulia lililokaa na maji siku nyingi, ilhali kuta zile hazikuwa zimeona tone la maji tangu zijengwe.

"Niko hai," ikasema sauti.

Fundi akazima taa.

Mpita Njia alijua kwamba hakusema yeye. Alijua kwa sababu mdomo wake ulikuwa umefungwa na ulimi umebana kwenye meno. Alikusanya karatasi zake, akaaga, akaondoka. Hakumwambia mtu. Siyo kwamba aliogopa, hakuona tu umuhimu wa kusema, na hilo ndilo linalonitisha mimi kila nikilikumbuka.

Nyumbani kulikuwa na watu wawili. Mmoja ni Mama Mdogo, dada wa marehemu, aliyekuja kusaidia baada ya msiba na hakuwa na haraka ya kuondoka. Mwingine ni binti wa miaka tisa waliyemwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hakunyamaza. Alisema anapokula, alisema anapooga, alisema usingizini. Marehemu alikuwa na mzaha naye. Kila mtoto akirudi shule humuuliza, "Chiriku, leo umetua mti gani?" Na mtoto hueleza siku yake yote mpaka mama mtu anaomba msamaha. Tangu mazishi Chiriku hakuwa amesema neno hata moja. Mwalimu alituma barua mbili. Daktari alisema wampe muda.

Jumanne hiyo jioni baba aliingia, akamkuta mezani na daftari. Alitaka kusema "Hujambo" kama siku zote, ili mtoto aitikie kwa kichwa na yaishe. Kinywa kilifunguka.

"Chiriku," ikasema ile sauti nzito, kwa upole usio wa haraka, "leo umetua mti gani?"

Mtoto akainua uso.

"Mti wa hesabu," akasema. "Una miiba."

Mama Mdogo alitoka jikoni mikono ikidondosha maji. Alicheka, akalia, akamkumbatia mtoto, akamshukuru Mungu. Baadaye ndipo alipogundua kwamba shemeji yake amesimama pale pale mlangoni, anawatazama kama mtu anayesubiri basi.

Mchezo ulipoanza kwenda hewani, watu waliacha kupika kusikiliza. Redio ilipokea barua, simu, ujumbe. Wanawake waliandika kwamba mwigizaji yule alikuwa anazungumza nao peke yao. Wanaume waliandika kwamba baba zao waliokufa walikuwa na sauti kama hiyo, na baba wote hao hawawezi kuwa na sauti moja, lakini ndivyo walivyoandika. Mwigizaji mkuu alipopona mafua alikuta nafasi imekwenda. Kufa kufaana, wakasema koridoni, wala hawakujua wanasema nini.

Fundi peke yake hakushangilia. Siku moja alimwomba Mpita Njia arudi nyuma hatua tatu kutoka kwenye maikrofoni, kwa kisingizio cha kupima. Mshale wa kipimo cha sauti haukushuka. Akamwambia arudi mpaka mlangoni. Haukushuka. Akamwambia atoke koridoni asome sentensi moja huko, mlango ukiwa umefungwa, na mshale ulisimama pale pale, haukutikisika hata kwa unene wa unywele.

"Ndugu yangu," Fundi akamnong'oneza walipokutana kwenye ngazi, "wewe mwenyewe uko wapi?"

Mpita Njia alifikiri. Ilimchukua muda na nguvu, kama kuvuta ndoo kutoka kisima kirefu, kabla ile sauti yake nyembamba haijatoka.

"Sijui," akasema. "Nipo nipo tu."

Nyumbani Chiriku alikuwa amerudi kuwa Chiriku. Kila jioni baada ya kula sauti ilimsimulia habari za mama yake: alivyokuwa mdogo, alivyoanguka kwenye mtaro siku ya kwanza ya kazi, wimbo aliopenda kuuimba anapokunja nguo. Mambo mengine baba aliyajua, hakuwahi kumwambia mtu. Mengine hakuyajua kabisa. Alikaa kwenye kiti akiusikia mdomo wake ukisimulia, na jina la marehemu likitajwa mara kumi, mara ishirini, kwa urahisi.

Mama Mdogo ndiye aliyeanza kulalamika harufu. Alipiga deki asubuhi, akapiga deki jioni, akamwaga dawa. "Shemeji, nyumba inanuka zulia bovu," akasema. "Na nyumba hii haina zulia hata moja. Ni saruji tupu."

Kisha ikaja Jumapili ya mswaki. Ilikuwa asubuhi, jua limeshaingia madirishani, majirani wanaosha gari, hakuna chochote cha kutisha duniani. Mpita Njia alikuwa bafuni, mswaki mdomoni, povu mpaka kidevuni, anajitazama kwenye kioo bila shauku, aliposikia sebuleni mtu akizungumza, na kwanza alidhani ni redio, marudio ya mchezo, kwa kuwa sauti ilikuwa yake, ile ile ya hewani, lakini redio haiwezi kuulizwa swali ikajibu, na Chiriku alikuwa akiuliza, na sauti ilikuwa ikijibu, wanacheka wote wawili, naye amesimama na mswaki mdomoni, akaacha kupiga mswaki ili asikilize vizuri, akafunga maji, akabana midomo kabisa juu ya povu, akaweka kiganja juu ya midomo, na sauti haikupungua, ikaendelea kumsimulia mtoto jinsi mama yake alivyomwogesha mara ya kwanza, maji yalivyokuwa vuguvugu, taulo lilivyokuwa la rangi gani, mpaka akatoka, akapita kwenye ukumbi mdogo hatua moja moja, miguu mitupu kwenye saruji, na saruji ilikuwa laini chini ya nyayo zake, laini na yenye unyevu, akasogeza pazia la mlango akamwona binti yake amekaa kwenye mkeka peke yake, ameelekeza uso kwenye kiti kilicho kitupu, anatikisa kichwa kwa furaha kama mtoto anayemsikiliza mtu anayempenda.

Mama Mdogo alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameona yote hayo. Alimtazama shemeji yake mwenye povu mdomoni, akatazama kiti. Hakupiga kelele. Alikwenda akamchukua mtoto kwa mkono, akamtoa nje kwenye jua.

"Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone," akamwambia shemeji yake baadaye uani, kwa mnong'ono, ingawa sauti ile ingeweza kusikia kokote. "Huyu mgeni amekuja, mtoto amepona, sikatai. Lakini mwenyeji anakwisha. Shemeji, huogopi?"

"Siogopi."

"Ndiyo maana ninaogopa mimi."

Alimpeleka kwa mganga. Mganga alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye miwani ya kusomea, aliyefanya kazi zake katika chumba cha nyuma cha duka la mshonaji, cherehani zikinguruma ukutani mchana kutwa. Hakuwa na madoido. Alimkalisha Mpita Njia kwenye kiti cha plastiki, akamnusa begani, akauliza, "Zulia la wapi hili?" Akasimuliwa habari za studio na mwiko wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamsemesha mtu, lakini si Mpita Njia.

"Na wewe. Unataka nini kwa huyu?"

"Sitaki kitu," ikasema sauti. Cherehani zilinyamaza zote kwa pamoja. "Nilikuta pako wazi."

"Palikuwa na mtu."

"Alisema kwamba yupo?"

Mganga alimtazama Mpita Njia mdomoni.

"Nilimngoja aseme," sauti ikaendelea, bila hasira. "Nilimngoja kwa adabu, kama ninavyowangoja wote. Asiyekuwapo na lake halipo, mama. Wewe unajua."

Mganga alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kanga. Alipozungumza tena alimsogelea Mpita Njia sikioni.

"Miaka yote hiyo mnaingia chumba kile mnakufa kwa mdomo na kufufuka kwa mdomo. Mlidhani hakuna anayesikiliza? Alikuwa ametega, anasubiri mmoja asahau. Mimi sina dawa ya kumtoa. Hakuvunja mlango, amekaribishwa. Dawa unayo wewe. Urudi pale pale, taa iwake, useme maneno uliyoyaacha. Lakini yawe kweli. Ukiyasema kama anayesoma karatasi, atajua, na hutapata nafasi nyingine, maana kila siku mdomo unazidi kumzoea."

"Yatakuwaje kweli?"

"Nenda na mtu ambaye uhai wako unamhusu. Mtazame. Halafu useme."

Walikwenda Jumamosi saa sita mchana, studio ikiwa tupu. Fundi aliwafungulia. Hakuuliza maswali, alikwisha kujijibu mwenyewe siku nyingi. Alimpa Chiriku kiti chake nyuma ya kioo, akamwonyesha kitufe cha kuzungumza na mtu wa ndani. Mama Mdogo alisimama ukutani, mikono kwapani. Mpita Njia akaingia, mlango mzito ukajifunga, akasimama mbele ya maikrofoni.

Taa nyekundu ikawaka.

Akataja jina lake. Lilitoka kwa shida, kwa ile sauti nyembamba iliyochakaa, lakini ilikuwa yake, na kabla yake alivuta pumzi. Fundi alikiona kijilima kwenye skrini, akashika meza kwa mikono miwili. Akataja jina la baba yake. Harufu ya zulia bichi ikapanda, nzito, mpaka upande wa pili wa kioo Mama Mdogo akaziba pua. Akataja jina la babu yake. Akainua macho amtazame binti yake, kama alivyoelekezwa.

Chiriku alibonyeza kitufe.

"Baba."

"Naam."

"Ukisema, yeye ataondoka?"

"Ataondoka."

"Hatarudi tena?"

"Hatarudi."

"Sasa habari za Mama nitazisikia kwa nani?"

Mama Mdogo alinyoosha mkono autoe ule mkono mdogo kwenye kitufe. Fundi akamzuia.

"Kwangu," akasema Mpita Njia.

"Basi litaje jina lake. Mara moja tu."

Akafungua kinywa. Alijaribu kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mishipa ya shingo ikamsimama. Alimwona mkewe mlangoni, alimwona anakunja nguo, alimwona wodini siku ya mwisho, na hapakuwa na jina. Alijaribu tena. Na mle ndani, kutoka kila ukuta, ile sauti ikalitaja kwa niaba yake, polepole, kama mtu anavyomwita mwenzake aliye chumba cha pili ambaye hana shaka kwamba atakuja.

Chiriku alicheka kidogo, machozi yakimtoka.

"Usimfukuze, Baba," akasema. "Tafadhali."

Hapo ndipo ganzi ilipomtoka. Ilimtoka yote kwa mara moja, kuanzia tumboni, na chini yake kulikuwa na maumivu aliyoyakwepa tangu siku ya kwanza, makubwa kuliko alivyodhani, yalimpiga mpaka akashika stendi ya maikrofoni. Alimkumbuka mkewe akaumia. Alimtazama mtoto akaumia zaidi. Alimpenda hata akataka kulia kwa sauti. Alijua sasa kwamba yu hai, hakukuwa na ukweli mwingine ndani yake isipokuwa huo, na maneno yale mawili yalikuwa yamefika kwenye ncha ya ulimi, ya kweli kabisa, ya moto, yanangoja atie pumzi tu.

Nyuma ya kioo Fundi alikuwa akisema kwa midomo bila sauti, sema, ndugu yangu, sema.

Mpita Njia alimtazama binti yake aliyepona. Alikumbuka zile wiki tatu za kichwa kinachoitikia bila neno. Akaufunga mdomo. Kilikuwa ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa.

Wakangoja. Kisha sauti ikasema, kwa adabu, kwamba iko hai. Na Fundi, mkono wake ukiwa umefanya hivyo kwa miaka ishirini na miwili, akazima taa.

Leo hakuna asiyeijua sauti ile. Utaisikia kwenye michezo, kwenye matangazo ya biashara, kwenye filamu za kigeni zinazosomwa upya kwa lugha yetu. Waandishi humuuliza aliipata wapi, naye hujibu amezaliwa nayo, na watu hucheka kwa kuwa hata jibu hilo linapendeza. Hakuna anayemwita Mpita Njia tena. Fundi aliomba kustaafu mapema. Mama Mdogo alirudi kwao, akaagana na mtoto na hakuagana na shemeji.

Mdomo ulikuwa umekwenda, lakini mikono ilibaki yake. Alifua kwa mikono hiyo, akapika, akatia sahihi kwenye daftari za shule. Na kila asubuhi alimkalisha Chiriku kwenye kigoda akamchana nywele. Hakujua kuchana. Alianzia juu badala ya chini, akavuta, akakwama, akavuta tena, na Chiriku alikunja uso akasema, "Unaniumiza, Baba." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Wote wawili walijua anayeambiwa ni nani, na baba alikuwa akiyangoja maneno hayo tangu anapofungua macho.

Asubuhi moja, mwaka wa pili, alikuwa akitazama nje dirishani, anamwangalia jirani anayehangaika na kufuli la geti. Alipogeuza macho, nywele zilikuwa zimekwisha kuchanwa nusu, zimegawanywa kwa mstari ulionyooka, laini, hazina fundo. Kitana kilikuwa kinashuka mkononi mwake polepole. Hakuwa yeye aliyekuwa akikishusha.

Chiriku alikuwa amekaa wima kwenye kigoda, shingo imekakamaa. Hakugeuka.

"Niumize kidogo, Baba," akasema kwa sauti ndogo.

Mikono ikaendelea kumchana, taratibu, bila kumuumiza.